UZI: Nikotini na umakini. Kwa nini mmoja anachangamka na mwingine anavurugika? (Jeni, dozi na vipimo)

#1 Kipokezi

Habari za leo wakuu.

Kila mjadala wa nikotini na umakini humu ndani unaishia kwenye kambi mbili: wanaosema inaongeza umakini, na wanaosema hizo ni propaganda za kampuni za sigara. Kila kambi inakuja na tafiti zake, na nyingi zimefanywa vizuri tu. Kasoro iko kwenye swali. Nikotini inaongeza umakini wa nani? Umakini wa aina gani? Kwa dozi ipi? Na mtu huyo alikuwa katika hali gani kabla hajaipata? Jeni zinagusa kila kipande cha swali hilo, kwa hiyo nimeona tulifungulie uzi wake.

Tuanze na lililo imara. Mwaka 2010 Heishman na wenzake walijumlisha majaribio 41 ya maabara yaliyolinganisha nikotini na plasebo (dawa bandia isiyo na kitu), bila mtafiti wala mshiriki kujua nani kapewa nini. Walichukua watu wasiovuta na wavutaji ambao hawakuwa na arosto. Wakaona nafuu kwenye utendaji wa vidole, usahihi na kasi ya kuwa macho, kasi ya kuelekeza umakini pale panapotakiwa, kumbukumbu ya muda mfupi, na kasi ya kumbukumbu ya kazi (ile ya kushika kitu kichwani huku unakifanyia kazi). Nafuu ipo, ila si kubwa.

Sharti la arosto lina uzito kuliko linavyoonekana. Mvutaji aliyelala usiku kucha bila sigara anaamka umakini umeshuka. Ukimpa sigara anapanda. Ukimpima hapo utasema nikotini imemwongezea akili, kumbe imemrudisha pale ambapo mwenzake asiyevuta yupo siku zote. Majaribio mengi ya zamani yana kasoro hiyo hiyo.

Sasa, ule ni wastani. Chini yake kuna walioboreka, wasiobadilika na walioharibikiwa. Jeni zinaingia sehemu tatu:

Kwanza ini: unaivunja nikotini kwa kasi gani. Hapa mhusika mkuu ni jeni ya CYP2A6.

Pili vipokezi: protini za ubongoni ambazo nikotini inazishika badala ya asetilikolini (kemikali ya ubongo ya kupeleka ujumbe). Kila kipokezi kina vipande vitano, na kila kipande kina jeni yake. Kwa umakini tunaongelea zaidi CHRNA4, CHRNB2, CHRNA5 na CHRNA7.

Tatu dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni: nikotini inaongeza dopamini, na jeni kama COMT na DRD2 zinaamua hiyo dopamini inakaa muda gani na inasikika kiasi gani.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema ili tubishane vizuri: ushahidi wa ini ni imara na tayari unaweza kutumika kliniki. Wa vipokezi unatusaidia kuelewa utaratibu lakini haumwambii mtu mmoja mmoja afanye nini. Wa dopamini una mantiki nzuri, ila umejengwa juu ya sampuli ndogo mno. Anayekuuzia kipimo cha DNA ili akuambie kama nikotini itakufaa kusomea, anauza kitu ambacho sayansi haina.

#2 Mfamasia_wa_Zamu

Uzi mzuri mkuu. Niongezee upande wa dozi, maana watu wanarukia jeni za ubongo wakati tofauti kubwa iko kwenye damu tu.

CYP2A6 ndiyo inayoshughulikia sehemu kubwa ya nikotini, takriban 70 hadi 80%, kuigeuza kuwa kotinini. Kwa mtu wa kawaida nikotini kwenye damu inapungua nusu kila baada ya saa 2 hivi, kotinini inachukua kama saa 16.

Piga hesabu hii. Bandiko la nikotini la kubandika kwenye ngozi, lile dogo kabisa, linatoa 7 mg kwa saa 24, sawa na 0.29 mg kwa saa. Mtu mzima wa kawaida anasafisha damu yake kama lita 72 kwa saa. Gawanya: unapata nanogramu 4 hivi kwa kila mililita ya damu. Sasa chukua mwenye kasi nusu ya hiyo, lita 36 kwa saa. Bandiko lile lile, chapa ile ile, linampa nanogramu 8. Mmoja amepata dozi mara mbili ya mwenzake, na kwenye daftari la mtafiti wote wameandikwa "7 mg".

Hapo ndipo utaona asiyevuta mwenye ini la taratibu anapata kichefuchefu, jasho na moyo kwenda mbio, kisha anafanya vibaya kwenye kipimo cha umakini. Mtafiti asiyepima damu ataandika kwamba jeni ya kipokezi ndiyo iliyomharibia, wakati mshiriki alizidishiwa dozi tu.

Na kasi ya ini haitokani na jeni peke yake. Estrojeni inaikuza: wanawake kwa wastani wanavunja haraka kuliko wanaume, wanaotumia vidonge vya majira zaidi, na wajawazito zaidi tena. Rifampisini, ile ya TB, nayo inaamsha CYP2A6. Wavutaji wanaoishi na VVU wameonekana kuvunja nikotini haraka kuliko wenzao. Kwa hiyo usiposajili dawa ambazo mshiriki anatumia, jeni itakudanganya.

#3 Bi_Maabara

Mfamasia kagusa penyewe. Mimi niseme kwa nini kupima CYP2A6 kunawashinda wengi.

Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 19, jirani kabisa na CYP2A7, ambayo inafanana nayo karibu herufi kwa herufi lakini haifanyi kazi hiyo. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuitafutia jeni) zikichaguliwa ovyo zinakamata zote mbili, na majibu yanatoka safi kabisa lakini si ya jeni uliyoitaka. Tatizo la pili ni aleli (toleo la jeni) *4, ambapo jeni nzima imekatika. Mtu mwenye *1 (toleo la kawaida) upande mmoja na *4 upande mwingine, kipimo cha kawaida kinaona nakala moja tu iliyopo na kumwandika kuwa ana *1 mbili. Dawa yake ni kupima idadi ya nakala, usiishie kusoma herufi.

Tatizo la tatu linatuhusu sisi. Vifurushi vingi vya kupimia vimetengenezwa kwa aleli zinazopatikana Ulaya na Asia ya Mashariki: *2, *4, *9. Aleli *4 ni ya kawaida sana Japani na ni adimu kwa Waafrika. Kwa watu wenye asili ya Afrika zinazopunguza kasi ni nyingine, hasa *17, pamoja na *20, *23 na kadhaa zaidi. Ukitumia kifurushi cha Ulaya kwa sampuli ya Dodoma au Kisumu, watu wa taratibu watapita kama watu wa kawaida.

Ndiyo maana napendelea uwiano wa bidhaa zenyewe. CYP2A6 inavunja nikotini kuwa kotinini, halafu inavunja kotinini kuwa haidroksikotinini. Pima zote mbili kwa mashine ya LC-MS/MS, gawanya ya pili kwa ya kwanza. Uwiano mkubwa, ini la haraka. Uwiano mdogo, ini la taratibu. Namba hii inabeba jeni, homoni na dawa kwa pamoja, na kwa mvutaji wa kila siku haiyumbi sana kati ya asubuhi na jioni.

Angalizo mbili. Mipaka ya damu usiihamishie kwenye mate au mkojo, kila kimiminika kina mpaka wake. Na kwa asiyevuta uwiano huu hauna maana mpaka umpe dozi ya majaribio, kwa sababu hana kotinini ya kupima.

#4 Kipokezi

Asante Bi Maabara. Huo uwiano ndio uliotumika kwenye jaribio la kliniki lililochapishwa mwaka 2015 na timu ya Caryn Lerman na Rachel Tyndale, wavutaji 1,246, mpaka kati ya kasi ndogo na ya kawaida ukiwa 0.31 kwenye damu. Wenye kasi ya kawaida waliacha sigara vizuri zaidi kwa vareniklini (kidonge cha kuachia sigara) kuliko kwa bandiko. Wenye kasi ndogo hawakupata faida ya ziada kwa vareniklini, na madhara yaliwazidi. Ndiyo maana nasema sehemu ya ini tayari inafika kwa mgonjwa.

Nihamie kwenye vipokezi.

Kipokezi kikuu cha ubongoni kinajengwa na alfa-4 na beta-2. Kina njaa kubwa ya nikotini. Picha za ubongo alizochapisha Brody na wenzake mwaka 2006 zilionyesha kwamba mvuto mmoja au miwili tu ya sigara inajaza kama nusu ya vipokezi hivi kwa saa 3 na zaidi, na sigara nzima inajaza 88%. Kwa hiyo mvutaji wa kila siku anaishi na vipokezi vilivyojaa karibu muda wote, vingi vikiwa vimezimika kwa kuzidiwa, na ubongo unajibu kwa kuongeza idadi yake. Akiacha, inachukua majuma kadhaa idadi hiyo kurudi ilipokuwa.

Kwenye baadhi ya vipokezi hivyo, nafasi ya tano inakaliwa na alfa-5. Hapa ndipo penye habari tamu. Alfa-5 inaruhusu kalisi nyingi zaidi kuingia kwenye seli, na imejaa kwenye tabaka la sita la gamba la mbele la ubongo, tabaka linaloongea moja kwa moja na thalamasi (kituo cha ubongo cha kupitishia taarifa). Mwaka 2010 kundi la Evelyn Lambe kule Toronto lilionyesha kwamba panya wasio na alfa-5 wanakosea zaidi kwenye kipimo cha matundu matano (panya anatakiwa kuchagua tundu lililowaka taa), hasa taa inapowaka kwa muda mfupi sana. Hapo nikotini haijaingia bado. Ni umakini wao wa kawaida tu.

Kwa binadamu kuna herufi moja ya DNA kwenye CHRNA5, yenye namba rs16969968, inayobadilisha asidi amino namba 398 kutoka aspateti kuwa asparajini. Kipokezi chenye asparajini kinaitikia kwa unyonge. Mwaka 2008 tafiti kadhaa kwa mpigo ziliihusisha sehemu hii ya kromosomu ya 15 na idadi ya sigara kwa siku na saratani ya mapafu. Kila nakala ya herufi hiyo inaongeza kama sigara moja kwa siku. Mwaka 2011 maabara ya Paul Kenny ikaonyesha sababu mojawapo: panya wasio na alfa-5 hawapati ile ishara ya "inatosha, sasa inachukiza" kutoka kwenye habenula (eneo dogo la ubongo), kwa hiyo wanaendelea kujipa dozi ambazo wenzao wanazikimbia.

Unganisha hayo mawili. Mtu mwenye kipokezi hiki dhaifu anaweza kuwa na umakini ulio chini kidogo kwa kuzaliwa, na wakati huo huo breki yake dhidi ya nikotini nyingi haikazi. Ni mchanganyiko mbaya.

#5 Nduta_K

Naomba kuuliza Kipokezi. Hiyo rs16969968 inatajwa kila mahali. Kwetu Afrika Mashariki ipo kwa kiwango gani?

#6 Kipokezi

Swali muhimu sana dada. Kwa watu wa asili ya Ulaya, aleli hiyo ya A iko kwenye theluthi moja au zaidi ya kromosomu. Kwa Waafrika ni adimu mno, chini ya 5%. Mradi wa jinomu 1,000 una sampuli ya Waluhya wa Webuye, Kenya, na hifadhidata yake iko wazi kwa mtu yeyote, kwa hiyo unaweza kwenda kujionea mwenyewe.

Sasa chukua mfano aleli ni 2%. Wenye nakala mbili ni 0.02 mara 0.02, yaani watu 4 katika 10,000. Mtu anayeandika andiko la utafiti Nairobi au Mwanza akisema atalinganisha makundi matatu ya rs16969968, anatafuta watu ambao hatawapata.

Haina maana kwamba kromosomu ya 15 haituhusu. Kwa Wamarekani weusi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliona ishara kwenye eneo hilo hilo, ila kwenye herufi nyingine, rs2036527. Jinomu za Kiafrika ni kongwe na zimechanganyika kwa muda mrefu, kwa hiyo herufi jirani hazisafiri pamoja kwa umbali mrefu kama kwa Wazungu. Herufi iliyo alama nzuri kule inaweza isiwe alama ya chochote huku. Tunachotakiwa kufanya ni kusoma eneo zima na kuacha kubeba herufi moja iliyopata umaarufu kwingine. Uganda wameonyesha njia: ile hazina ya jinomu iliyochapishwa mwaka 2019 ina watu 6,400, na 1,978 kati yao wamesomwa jinomu nzima.

#7 Takwimu_Tu

Niruhusiwe kumwaga maji baridi kidogo upande wa CHRNA4 na dopamini, maana hapo ndipo fasihi imejaa matokeo yasiyorudiwa.

CHRNA4 ina rs1044396. Greenwood, Fossella na Parasuraman walionyesha mwaka 2005 kwamba wenye aleli nyingi za C walinufaika zaidi na kidokezo cha mahali kitu kitakapotokea, na hawakuathirika sana kama wenzao kidokezo kilipowadanganya. Tokeo zuri. Lakini jamani, humo hakuna aliyepewa nikotini. Ni jeni na umakini. Watu wanaichukua na kuiandika kama ushahidi kwamba jeni hiyo inaamua nikotini itakufanyaje, na hilo ni dai lingine kabisa. Tena herufi yenyewe haibadilishi asidi amino, kwa hiyo huenda ni alama tu ya kitu kilicho jirani.

Dai la pili linahitaji mwingiliano: tofauti ya (nikotini kutoa plasebo) kati ya makundi ya jeni. Na mwingiliano unakula watu. Angalieni. Ikiwa nikotini inasogeza alama kwa 0.3 ya mtawanyiko (standard deviation) wa tofauti za mtu mwenyewe, na kila mtu anapimwa mara mbili, unahitaji watu 90 hivi kupata nguvu ya 80% (nafasi 8 kati ya 10 za kuiona athari iliyopo). Ukitaka kuona makundi mawili ya jeni yakitofautiana kwa hiyo hiyo 0.3, na makundi yako sawa kwa idadi, unahitaji kama 350. Kundi moja likiwa 10% ya watu, unahitaji karibu 970. Na tofauti ya makundi ikiwa nusu ya athari kuu, unazidisha wale 90 mara 16 hivi.

Halafu rudini mkaangalie majaribio ya nikotini na jeni: watu 30, 40, 60. Aleli yenye 20% inakupa wenye nakala mbili 4%. Kwenye watu 50 hao ni wawili. Mmoja akilala vibaya usiku ule, umeshapata "ugunduzi".

#8 Kipokezi

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa mkuu, na ndiyo maana nikaiweka dopamini mwisho. Lakini tusiitupe, kwa sababu ina jambo la kufundisha kuhusu umbo la athari.

COMT inavunja dopamini, na umuhimu wake uko gamba la mbele kwa sababu kule pampu za kurudisha dopamini ni chache. Herufi rs4680 inaleta aina mbili: Val inayovunja haraka na Met inayovunja taratibu. Umakini na kumbukumbu ya kazi vinakuwa bora dopamini ikiwa katikati. Ikiwa ndogo mno au nyingi mno vinashuka. Aliyeko chini ya kilele, nikotini inampandisha. Aliyeko kileleni tayari, inamsukumia upande wa pili anaanza kushuka. Majaribio kwa wasiovuta yanaendana na hilo: walioanza na umakini duni ndio waliopata nafuu, waliokuwa vizuri tangu mwanzo hawakupata kitu au walishuka.

Mwaka 2009 Loughead na wenzake waliona wavutaji wenye Val mbili wakiporomoka zaidi kwenye kumbukumbu ya kazi walipokatishwa sigara. Mwaka 2006 Jacobsen na wenzake wa Yale waliona kwamba nikotini iliwaharibia wenye aleli ya T ya DRD2 kwenye rs6277 pale kazi ilipokuwa nzito. Sampuli ni ndogo, sawa. Lakini maelekezo yake ni kwamba jeni hiyo hiyo inaweza kutoa jibu kinyume kulingana na uzito wa kazi na kama mtu yuko kwenye arosto. Mtafiti anayetumia kipimo kimoja chepesi hataliona hilo hata akiwa na watu elfu.

Nyongeza fupi: ile Taq1A, rs1800497, inayotajwa kila siku kama ya DRD2, imekaa ndani ya jeni jirani, ANKK1. Ukiisoma kwenye makala uwe mwangalifu.

#9 Chuo_Kwanza

Wakuu shikamooni. Nina proposal ya shahada ya uzamili kuhusu mada hii. Nikitaka kufanya jaribio la namna hii kwa watu wasiovuta, hatua zinakuwaje? Na nitumie kitu gani, bandiko, chingamu au ugoro?

#10 Mfamasia_wa_Zamu

Marahaba. Ugoro uuweke pembeni kabisa. Wauzaji wengi wanauchanganya na magadi, na magadi yanapandisha alkali. Nikotini inapita kwenye utando wa mdomo ikiwa haina chaji. Kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) 7 ni kama 9% tu iliyo hivyo, kwenye pH 9 inafika kama 91%. Kwa hiyo vijiko viwili vya ugoro vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana vibaya mno kwa nikotini inayoingia. Hutajua umempa mtu nini. Kuberi ni hivyo hivyo.

Chingamu ya 2 mg inafaa, ila ina masharti. Inatoa karibu nusu ya kilichoandikwa, kilele kinakuja kama dakika 30. Mshiriki atafune taratibu mpaka asikie inawasha, aiegeshe kati ya shavu na ufizi, ikipoa atafune tena. Akitafuna mfululizo anameza nikotini, inapita kwenye ini kwanza na sehemu kubwa inavunjwa kabla haijafika ubongoni, anabaki na kwikwi na kiungulia. Asinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla na wakati wa kutafuna, asidi inazuia ufyonzwaji. Plasebo isiyowasha inagundulika papo hapo, ndiyo maana wengine wanaiwekea kapsaisini ya pilipili kidogo.

Bandiko la 7 mg linapanda polepole, kilele kinachukua saa kadhaa, kwa hiyo panga kupima saa 4 hadi 6 baada ya kulibandika. Faida yake kiwango hakiyumbi. Hasara yake, mtu akianza kutapika, kulitoa hakumalizi tatizo mara moja kwa sababu ngozi imeshika akiba.

#11 Kipokezi

Mpangilio wenyewe ndugu yangu:

Kila mtu apimwe mara mbili, siku moja nikotini, siku nyingine plasebo, angalau wiki moja katikati, mfuatano upangwe kwa bahati nasibu. Mfuatano uwe sawa ndani ya kila kundi la jeni, si kwa sampuli nzima tu. Hilo linasahauliwa mara nyingi, na mtu akishazoea kipimo anafanya vizuri zaidi siku ya pili bila nikotini yoyote.

Kabla ya siku ya kwanza fanya kikao cha mazoezi kisichohesabiwa. Kahawa usimkataze mnywaji wa kila siku, utamtengenezea arosto nyingine. Mwambie anywe kiasi chake cha kawaida saa ile ile siku zote mbili. Usingizi wa usiku uliopita uandikwe.

Vipimo viwe zaidi ya kimoja. RVIP kwa umakini wa kudumu: tarakimu 100 kwa dakika zinapita kwenye skrini, mtu anabonyeza akiona tatu mfululizo zilizo witiri zote au shufwa zote. Ifanye dakika 10 au zaidi, kwa sababu dakika tatu za kwanza kila mtu yuko vizuri na tofauti inajitokeza watu wanapoanza kuchoka. Ongeza kile cha Fan na Posner cha mwaka 2002 kinachotenganisha kuwa macho, kuelekeza umakini, na kukataa vishawishi. Kasi na usahihi viripotiwe vyote viwili: mtu anayebonyeza haraka huku akikosea zaidi hajaongeza umakini, ameongeza haraka tu.

Chukua damu au mate kila siku ya kipimo, pima nikotini yenyewe, na uiweke kwenye hesabu. Hapo ndipo unaitenga athari ya ini na ya kipokezi. Bila namba hiyo huwezi.

Na dhana yako ya jeni iandikishwe kabla ya kukusanya data: jeni ipi, herufi ipi, kipimo kipi, mwelekeo upi. Ukipima herufi 20 kwa vipimo 6, una majaribio 120, na kwa kiwango cha 0.05 utapata sita "zinazofanya kazi" kwa bahati tupu.

Washiriki wawe watu wazima wanaojua kinachoingia mwilini mwao, wasio na ugonjwa wa moyo, na wasio wajawazito. Kibali cha kamati ya maadili ndicho cha kwanza, kabla hujanunua hata chingamu moja.

#12 Kijana_wa_Lecture

Sasa mbona mimi sielewi tatizo liko wapi. Kama inaongeza umakini hata kidogo, mtu akitumia vile vifuko vya kuweka kwenye fizi wakati wa UE (mtihani wa mwisho wa muhula chuoni) tu ana hasara gani?

#13 Kipokezi

Hasara zake ni hizi mdogo wangu. Nafuu ni ndogo na inapatikana zaidi kwa mwenye umakini duni. Ukiwa uko vizuri, unaweza kushuka. Hujui ini lako ni la kasi gani, kwa hiyo hujui dozi yako. Hujui breki yako ya alfa-5 ikoje. Na ukishatumia kila siku kwa wiki kadhaa, umeingia kwenye hesabu ya yule mvutaji: unatumia ili kurudi ulipokuwa bure. Umakini unaanza kushuka saa chache baada ya kukosa, hali inakuwa mbaya zaidi siku mbili tatu za mwanzo, na inaweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Ratiba ya UE haikusubiri.

Kwa walio chini ya miaka 20 kuna zaidi. Mwaka 2011 Counotte na wenzake kule Amsterdam waliwapa panya nikotini wakiwa balehe, wakaiacha, wakawapima wakiwa wakubwa. Umakini wao ulikuwa umeshuka na walikuwa na papara, na kwenye gamba la mbele vipokezi vya glutameti vya aina ya mGluR2 vilikuwa vimepungua. Ni panya, lakini gamba la mbele ni lile lile tunaloliongelea hapa.

#14 Takwimu_Tu

Nakazia #13. Na tafiti kubwa za jeni za uvutaji sasa zimefika watu milioni 3.4, zile zilizotoka mwaka 2022. Hata kwa ukubwa huo, kila herufi moja moja inaeleza kipande kidogo sana cha tabia. Anayekwambia herufi moja itakutabiria umakini wako muulize sampuli yake ilikuwa ya watu wangapi.

#15 Bi_Maabara

Chuo_Kwanza, jambo moja la vitendo kabla hujaenda fildi. Watakuambia uthibitishe kwamba mshiriki havuti kwa kipimo cha pumzi cha kaboni monoksaidi, mpaka ukiwa karibu 10 ppm. Kwetu kipimo hicho peke yake hakitoshi. Mtu aliyepika kwa jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha anaweza kuja na namba ya mvutaji bila kugusa sigara, na mtumiaji wa ugoro atapita safi kwa sababu hajachoma chochote. Tumia kotinini ya mate: ikiwa chini ya nanogramu 10 kwa mililita, unaweza kumhesabu kuwa si mtumiaji.

Ukija kufanya na wavutaji wanaotakiwa kukaa saa 12 bila sigara, hapo kotinini haitakusaidia, saa 12 ni chache mno kwake. Pima pumzi siku anayovuta kama kawaida, halafu pima tena baada ya hizo saa 12, ulinganishe na namba yake mwenyewe. Na kama mshiriki amevaa bandiko na unataka kujua kama anaiba sigara pembeni, pima anabasini: iko kwenye tumbaku, kwenye bandiko haimo.